Umelipa, Sasa Mzigo Wako Unatoka Stoo Gani?

Januari iliyopita niliaibika kidogo. Kakangu mdogo alikuwa anaripoti shule ya bweni Jumatatu, na mimi, dada mkubwa aliye na kazi Nairobi, nikaambiwa kama kawaida, "Wewe shughulikia vitu." Alhamisi jioni nikaingia kwenye duka moja la mtandaoni, nikaagiza godoro, blanketi na sanduku la bati, vyote vipelekwe kwa mama Kitale. Nikalipa. Meseji ya kuthibitisha malipo ikaingia papo hapo, nikalala nikijua kazi imeisha.

Jumamosi mtu wa boda akafika kwa mama na godoro na blanketi. Sanduku hakuna. Nikapiga simu dukani, nikaambiwa sanduku linatoka Nairobi na litafika Jumatano.

"Lakini tovuti yenu ilisema liko Eldoret," nikamwambia aliyepokea.

"Lilikuwepo, dadangu," akanijibu kwa upole. "Lakini Ijumaa asubuhi lilienda kwa mteja mwingine. Malipo yako sisi tuliyaona Ijumaa saa nane mchana."

Saa nane mchana? Mimi nilikuwa na meseji ya Alhamisi saa mbili usiku! Nikaifungua tena, nikaisoma polepole, na hapo ndipo nikaona. Kwenye nafasi ya namba ya akaunti, pale nilipotakiwa kuandika namba ya oda, nilikuwa nimeandika namba yangu ya simu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha wateja kulipa.

Kakangu alienda shule na sanduku la zamani la mjomba, lenye jina la mtu mwingine limeandikwa kwa rangi nyeupe. Amenisamehe, nadhani. Lakini kisa hicho kilinifanya niulize maswali mengi kuhusu kile kinachofanyika kati ya ile meseji ya malipo na mzigo kufika mlangoni. Nimegundua kwamba wengi wetu tunafikiri duka ni mahali pamoja penye rafu moja ndefu, na ukilipa, mtu ananyoosha mkono na kuchukua kitu chako. Sivyo.

Duka moja, stoo nyingi

Duka kubwa la mtandaoni, au kampuni inayosambazia maduka ya mtaani, huwa na stoo kadhaa. Kubwa mara nyingi iko Nairobi au pembeni mwa jiji, halafu kuna ndogo ndogo, tuseme Mombasa, Kisumu na Eldoret. Wewe kwenye simu unaona neno moja tu: "ipo". Lakini huko nyuma "ipo" inaweza kumaanisha vipande 30 Nairobi, viwili Eldoret na sifuri Kisumu.

Kama umewahi kwenda kwa wakala kutoa pesa akakuambia hana keshi, unaijua shida hii tayari. Wakala huyo si maskini. Pesa anazo, ila ziko kwenye simu badala ya kuwa kwenye droo. Na wakala wa pili, hatua chache tu kutoka hapo, ana droo iliyojaa noti na simu isiyo na floti. Wakijumlishwa wanatosha kuhudumia wateja wote wa mtaa. Kila mmoja akibaki peke yake, mmoja anarudisha watu wanaotaka kutoa na mwingine anarudisha wanaotaka kuweka. Stoo ni hivyo hivyo: bidhaa inaweza kuwa nyingi nchini na bado ikawa mahali pasipofaa.

Basi kwa nini wasijaze kila kitu kila mahali? Kwa sababu bidhaa iliyolala ni pesa iliyolala. Ukiweka aina mia tano za viatu katika stoo tano, utajikuta na saizi ya 45 imekaa Kisumu mwaka mzima huku Mombasa wanaitafuta. Kwa hiyo wenye maduka huchagua. Vitu vikubwa vinavyotoka kila siku na ambavyo ni ghali kusafirisha, kama magodoro, huwekwa karibu na wateja. Vitu vidogo, vya bei, visivyotoka sana, kama simu za aina fulani au vipuri, huwekwa pamoja katika stoo moja kuu na kutumwa kila mahali kutoka hapo.

Ndio maana mtu wa Mombasa anaweza kuagiza kifaa kilichoshushwa kutoka melini pale bandarini, kikapandishwa Nairobi karibu kilomita 480, kikasajiliwa stoo kuu, kisha kikateremshwa kilomita zile zile hadi Likoni. Ukikiangalia kifaa hicho kimoja, unaona upuuzi. Lakini wakati kontena linafunguliwa, hakuna anayejua kipande kipi kitanunuliwa na mtu wa Likoni na kipi na mtu wa Narok. (Bado naona ni upuuzi kidogo, hasa mtu wa Likoni anapolipishwa usafiri.)

Stoo ya karibu siyo jibu kila mara

Sasa oda imeingia na imelipiwa. Inatoka wapi? Jibu la haraka ni stoo iliyo karibu na mteja. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini hebu tuangalie mfano. Bei za usafiri hapa nimezitunga ili hesabu iwe rahisi.

Duka lina masanduku mawili tu Eldoret na 30 Nairobi. Asubuhi zinaingia oda tatu, kila mmoja anataka sanduku moja: ya kwanza inatoka Nakuru, ya pili Kitale, ya tatu Kisumu. Kutuma Nakuru kutoka Eldoret ni shilingi 250, kutoka Nairobi 270. Nakuru iko karibu katikati ya miji hiyo miwili, ndio maana bei zinakaribiana. Kutuma Kitale ni 150 kutoka Eldoret na 500 kutoka Nairobi. Kisumu ni 220 kutoka Eldoret, 450 kutoka Nairobi.

Ukifuata kanuni ya "aliyetangulia apewe cha karibu", mtu wa Nakuru anachukua sanduku la Eldoret kwa 250, wa Kitale anachukua la pili kwa 150, na wa Kisumu anabaki kungoja la Nairobi kwa 450. Jumla 850.

Sasa mpe Nakuru la Nairobi: 270. Kitale na Kisumu wapewe ya Eldoret: 150 na 220. Jumla 640. Tumeokoa shilingi 210 kwa masanduku matatu tu, na mtu wa Kisumu amepunguziwa safari. Mteja wa Nakuru ameongeza nini? Shilingi 20.

Kwa hiyo swali zuri ni: nani ataumia zaidi akikosa cha hapa? Wa Nakuru akikosa sanduku la Eldoret, hasara ni 20. Wa Kisumu akikosa, ni 230. Wa Kitale akikosa, ni 350. Basi yale mawili yaende kwa wanaoyahitaji kweli. Mama yangu Kitale angekubaliana na hesabu hii kwa moyo wote.

Masanduku matatu unaweza kuyapanga kwa kalamu. Oda elfu kumi kwa siku, bidhaa elfu kadhaa na stoo sita, hapo unahitaji kompyuta na hesabu nzito. Mwaka 1941 Mmarekani Frank Hitchcock aliandika makala kuhusu swali hili hili, la kugawa bidhaa kutoka vyanzo kadhaa kwenda miji mingi kwa gharama ndogo zaidi. Mwaka 1975 Leonid Kantorovich wa Muungano wa Sovieti na Tjalling Koopmans wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yao kuhusu namna bora ya kugawa rasilimali. Kumbe swali la sanduku langu ni la watu wakubwa.

Kuna jambo moja kwenye mfano huo ambalo ni rahisi kulipita. Ili duka lijue kwamba Kitale na Kisumu wanakuja, ilibidi lingoje. Lingetuma oda ya Nakuru dakika ile ile ilipoingia, sanduku la Eldoret lingekuwa limeshaondoka. Ndio maana maduka mengi hukusanya oda kwa muda, saa moja au hata nusu siku, kisha yanazigawa zote pamoja. Wewe huku unaona "oda yako inashughulikiwa" na kuwaza kwamba wamelala. Pengine wamelala kweli, sitetei kila duka! Lakini mara nyingi oda yako iko kwenye kikapu ikingoja wenzake. Na ndio maana wanaandika "lipa kabla ya saa sita upate kesho": saa sita ndipo kikapu cha siku hiyo kinafungwa. Ukilipa saa sita na dakika tano, umeingia kikapu kinachofuata.

Pesa ndiyo inayofunga oda

Hapa ndipo palipoliwa sanduku langu, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Ukibonyeza "agiza", duka zuri linakuwekea kitu kando kwa muda. Wengine dakika 15, wengine saa kadhaa, kila duka na sheria yake. Katika muda huo mtu mwingine hawezi kukinunua. Lakini muda ukiisha bila malipo kuonekana, kinarudi rafuni. Hawana namna nyingine, kwa sababu watu wengi huagiza na kutoweka, na wakiwangoja wote, stoo itajaa vitu vya watu wasiolipa.

Zingatia maneno "bila malipo kuonekana". Meseji yako ya kuthibitisha inakuambia pesa zimetoka kwako na kufika kwenye akaunti ya duka. Haikuambii kwamba duka limejua pesa hizo ni za oda ipi. Kinachounganisha hayo mawili, ukilipa kwa Paybill, ni ile namba ya akaunti unayoandika. Ukiandika namba ya oda sawasawa, mfumo wa duka unaikuta sekunde hiyo hiyo, oda yako inahesabiwa imelipwa, na inaingia kwenye mgao. Ukiandika jina lako, au namba ya simu, au ukaacha herufi moja, pesa zinafika lakini zinakaa kama barua isiyo na anwani. Mfanyakazi wa duka ndiye anayekuja kuzitafutia mwenyewe, na huyo anaingia kazini asubuhi, ana zingine nyingi mbele ya yako. Yangu ilimfikia saa nane mchana. Sanduku lililokuwa limewekwa kando kwa jina langu lilikuwa limeachiliwa usiku ule ule.

Ukilipa pungufu mambo ni yale yale. Oda ni 4,350 pamoja na usafiri, wewe unatuma 4,000 ukidhani usafiri utalipa mzigo ukifika. Mfumo hauoni oda iliyolipwa, unaona pesa zisizolingana na kitu chochote.

Njia salama zaidi ni ule ujumbe unaojitokeza kwenye skrini ya simu na kukuomba PIN, pale duka linapokupa chaguo hilo. Namba ya oda na kiasi vimeshajazwa na duka lenyewe, wewe unahakikisha jina na kiasi kisha unaweka PIN. Lakini usiuache ukienda kuangalia chai jikoni. Ujumbe huo haungoji sana, na ukipotea unatakiwa kuanza upya huku saa ya kuwekewa kando inaendelea kutembea.

Na ukishakosea tayari? Usingoje kama nilivyongoja mimi. Piga simu au andikia duka mara moja, uwape vitu vitatu: kodi ya muamala iliyo kwenye meseji, kiasi, na namba ya oda iliyo sahihi. Kwa hivyo tu mtu anaweza kuunganisha malipo na oda kabla kitu hakijaenda. Kukimbilia kuomba muamala ubatilishwe mara nyingi hakukusaidii. Pesa zilizoingia kwa biashara hazirudishwi bila biashara yenyewe kuhusishwa, na wakati mnazungushana, sanduku linaondoka.

Kwa nini oda moja inakuja mara mbili

Oda yangu ilikuwa ya vitu vitatu. Ijumaa mchana, Eldoret walikuwa na godoro na blanketi, Nairobi walikuwa na sanduku. Duka lilikuwa na njia tatu. Lingetuma vyote kutoka Nairobi, lakini godoro hula nafasi kwenye gari, na kulisafirisha kilomita 380 hadi Kitale ni gharama, wakati Eldoret ni kilomita 70 hivi. Lingengoja lori linalopeleka bidhaa za kujaza stoo ya Eldoret lilete sanduku, kisha litume vyote pamoja kwa ada moja, mzigo ukafika wote ukiwa umechelewa. Au lingegawanya: kilichopo kiende leo, kilichobaki kifuate. Waligawanya.

Mara nyingi mgawanyo unaligharimu duka zaidi, maana safari ni mbili na wewe umelipa usafiri mara moja. Kwa hiyo maduka mengi huukwepa yakiweza, na mengine yako tayari kukuchelewesha siku tatu ili yasilipie gari mara mbili. Sasa shida ni kwamba duka halijui wewe unataka nini. Anayenunua sufuria nne hajali zikija mbili leo na mbili keshokutwa. Anayenunua meko na mtungi wa gesi hawezi kupikia kimoja bila kingine. Na mwanafunzi anayeripoti Jumatatu anataka kilichopo kije sasa hivi, kingine kitajulikana baadaye.

Kama tovuti ina sehemu ya maelezo, andika hapo: "Nahitaji vyote kabla ya Jumapili, mkikosa kimoja nipigieni kabla ya kutuma." Kama haina, andika kwa huduma ya wateja mara tu baada ya kulipa, kabla kikapu hakijafungwa. Mfanyakazi akijua mapema anaweza kukubadilishia. Oda ikishapakiwa garini, hata meneja hana la kufanya.

Na ikitokea kitu kimekosekana stoo zote, duka linatakiwa likurudishie pesa za kitu hicho. Zitakuja kama malipo mapya kutoka kwa duka, na kiasi kitakuwa tofauti na ulicholipa, kwa hiyo usizitafute kwenye muamala ule wa kwanza. Tafadhali shika hili: kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN yako. Matapeli wanapenda sana msimu wa shule na wa Krismasi, wanajua watu wanangoja mizigo. Mtu akikupigia akisema anatoka dukani na anataka PIN ili "akamilishe kukurudishia", kata simu.

Kama wewe ndiye muuzaji

Najua wasomaji wengi hapa pia mnauza. Una kibanda sokoni, stoki nyingine iko nyumbani chini ya kitanda, na dada yako anakuuzia Thika. Tayari una stoo tatu, na tayari umewahi kumuuzia mtu kiatu ambacho dada alikiuza saa moja iliyopita.

Huhitaji mfumo wa mamilioni. Anza na orodha moja ambayo nyote watatu mnaiona, hata kama ni karatasi mnayopiga picha na kutumiana. Halafu amueni kitu kinatoka kwenye orodha lini. Ushauri wangu ni kitoke malipo yanapothibitishwa. Mteja akisema "niwekee, natuma jioni", mpe saa kamili ya mwisho na umwambie wazi kwamba baada ya hapo kitauzwa.

Usimalize kila kitu cha Thika kwa sababu oda za asubuhi zimetoka upande huo. Mteja aliye katikati, anayeweza kupata kutoka kwako au kwa dada kwa nauli inayokaribiana, mtumie kutoka mahali penye nyingi. Kile cha mwisho cha Thika kibaki kwa mtu wa Thika. Hiyo ndiyo hesabu ya Nakuru, bila kompyuta.

Na malipo yatenganishe. Till haina nafasi ya namba ya akaunti, kwa hiyo mkitumia Till moja watu watatu, jioni mtaona shilingi 1,500 imeingia na kila mmoja ataapa ni mteja wake. Kila mahali pawe na Till yake, au mtumie Paybill na kumpa kila mteja neno fupi la kuandika kwenye akaunti, kama THIKA7 au SOKO12, linaloonyesha mzigo unatoka wapi na ni oda ya ngapi. Mtumie mteja neno hilo kwa maandishi alinakili, usimtajie kwa simu.

Sanduku langu, kwa njia, lilifika Kitale Jumatano kama walivyosema, likiwa zima na kufuli zake mbili. Mama amewekea mahindi ya mbegu ndani na hataki kulitoa. Kwa hiyo likizo ikiisha nitaagiza lingine, na safari hii namba ya oda nitainakili, sitaiandika kwa kichwa.